MALI BILA DAFTARI: MZEE CHADWICK, MLINZI WA HISTORIA YA BESIBOLI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka huikumbuka methali hiyo kila afungapo mlango jioni, na karani wa bandari huikumbuka kila behewa linapoteremshwa kutoka melini. Sisi tuliikumbuka siku moja huko Port Bell, pale reli ya kutoka Kampala inapokoma na maji ya ziwa Victoria yanapoanza.

Tulikuwa tumefika bandarini na askari wawili kwa kazi nyingine kabisa. Kazi ilipokwisha, tukapita kwenye uwanja wa majani ambapo vijana kama kumi na watano walikuwa wakicheza besiboli. Glovu zao zilikuwa chache, hivyo kila zamu ilipobadilika waliozivaa waliwavulia wenzao. Kando ya uwanja, juu ya jiwe, aliketi mmoja wao aliyefungwa kitambaa mguuni. Mkononi alikuwa na daftari la shule na kipande cha penseli, akiandika bila kuinua kichwa ila mpira ulipopigwa.

Askari mmoja akamwuliza, "Kijana, wenzako wanacheza, wewe waandika nini?"

"Naandika mchezo, Afande. Nisipoandika, kesho watagombana."

Askari akachungulia daftarini. Aliona mistari, namba, na herufi K imeandikwa mara nyingi. Akauliza maana yake. Kijana akajibu kwamba K ni mpigaji aliyekosa mipira mitatu akatolewa, na kwamba ndivyo inavyoandikwa popote mchezo huu unapochezwa. Alipoulizwa ni nani aliyeichagua herufi hiyo, akacheka na kusema kwamba hilo hakufundishwa.

Tulimwahidi kwamba tutalitafuta jibu. Makala haya ndiyo malipo ya deni lile. Lakini tunawaandikia pia ninyi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu jibu lenyewe limegusa jambo linalotuhusu sote tuvaao sare.

MTOTO WA MHARIRI

Aliyeichagua herufi K aliitwa Henry Chadwick. Alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1824 katika mji wa Exeter, Uingereza. Baba yake alikuwa mhariri wa gazeti, na kaka yake wa kwa baba, Edwin Chadwick, ndiye yule aliyepata sifa kwa taarifa yake ya mwaka 1842 juu ya hali ya usafi na afya ya watu maskini wa Uingereza. Basi ilikuwa nyumba ya kalamu na hesabu. Edwin alihesabu maradhi na vifo ili serikali ipate kuchimba mifereji ya maji machafu. Mdogo wake alikuja kuhesabu mipira. Mtu aweza kucheka, lakini imani yao ilikuwa moja: jambo lisilohesabiwa haliwezi kurekebishwa.

Mwaka 1837, Henry akiwa na umri wa miaka 12, jamaa yake ilivuka bahari ikahamia Brooklyn. Siku hizo Brooklyn ulikuwa mji wa peke yake, mji wa magati na maghala uliotazamana na New York, kama vile Port Bell inavyokaa ukingoni mwa maji huku Kampala ikiwa nyuma yake. Kijana yule alifundisha piano, akatunga muziki, kisha akaanza kuandika habari katika magazeti ya nyumbani kwake. Mchezo alioujua ni kriketi, na kriketi ndiyo aliyoiandikia kwanza.

Siku moja mwaka 1856, akitoka kutazama kriketi huko Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, alipita mahali ambapo klabu mbili, Eagle na Gotham, zilikuwa zikicheza besiboli. Alisimama akatazama. Aliuona mchezo wenye kasi kuliko kriketi, akaamini moyoni kwamba huo ndio utakaokuwa mchezo wa taifa la Marekani. Tangu siku ile aliuandikia kwa muda wa miaka zaidi ya 50.

MCHEZO KWA UFUPI

Kwa wale wasioujua, besiboli huchezwa na watu tisa kila upande. Mrushaji hutupa mpira, na mpigaji wa upande wa pili hujaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga vyema hukimbia kwenda kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na akifanikiwa kurudi nyumbani alikoanzia, upande wake hupata alama moja. Akikosa mara tatu, au mpira wake ukidakwa kabla haujagusa ardhi, ametoka. Wakitoka watatu, pande hubadilishana.

Tazama basi mchezo ulivyo. Kila mtu hupata zamu yake, na kila zamu ina mwisho wake ulio wazi. Hakuna msongamano wa watu 22 wakikimbilia mpira mmoja. Chadwick aliliona hilo mapema kuliko wengine: mchezo huu waweza kuandikwa wote, mtu kwa mtu na zamu kwa zamu, hata asiyekuwapo akausoma kama aliyekuwapo.

JEDWALI

Hapo ndipo ilipo kazi yake kubwa. Kabla yake magazeti yalichapa matokeo kwa mistari michache, pengine na idadi ya alama za kila mchezaji. Chadwick alilikuza jedwali hilo. Mnamo mwaka 1859 alikuwa akichapa jedwali linaloonyesha jina la kila mchezaji na aliyoyafanya, alama alizoleta na wapinzani aliowatoa. Hatimaye hata makosa ya kila mlinzi yakawa na safu yake. Alichukua mfano kutoka kriketi, akautengeneza upya ufae mchezo mpya.

Ili mwandikaji aweze kwenda sambamba na mchezo, alitunga alama fupi. Kwa mpigaji aliyekosa mara tatu alichukua herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza struck, yaani K, kwa kuwa aliiona kuwa ndiyo inayokumbukwa upesi katika neno hilo. Hilo ndilo jibu la swali la Port Bell.

Mwaka 1860 alihariri kitabu kidogo cha mwaka kilichouzwa kwa senti kumi, chenye kanuni za mchezo na hesabu za klabu. Mtu aliyeishi mbali na New York sasa aliweza kujua nani anapiga vyema na nani anasifiwa bure. Mwaka 1868 alitoa kitabu kamili juu ya mchezo huo. Tangu mwaka 1881 mpaka kufa kwake mwaka 1908 alikuwa mhariri wa kitabu rasmi cha kila mwaka kilichotolewa na kampuni ya Albert Spalding, mrushaji mashuhuri aliyegeuka mfanyabiashara wa vifaa vya michezo.

Hakukaa pembeni akihesabu tu. Aliingia katika kamati za kanuni. Zamani mlinzi aliruhusiwa kumtoa mpigaji kwa kuudaka mpira uliokwisha kudunda mara moja. Chadwick aliuona huo kuwa mchezo wa watoto, akaupinga gazetini mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka 1864 klabu zikakubali kwamba mpira udakwe ukiwa hewani. Aliwaandama pia wacheza kamari waliohonga wachezaji, na wachezaji waliokwenda uwanjani wamelewa. Hapa jedwali lake lilikuwa silaha. Mlinzi aliyeachia mipira makusudi baada ya kupokea rushwa angeweza kumdanganya mtazamaji siku moja, lakini makosa yake yalipopangwa safu kwa safu, wiki hata wiki, watu walianza kuuliza maswali.

JENERALI ALIYEPEWA SIFA ASIYOIDAI

Sasa tunafika penye fundisho lenyewe. Mwaka 1903 Chadwick aliandika kwamba besiboli ilitokana na mchezo wa watoto wa Kiingereza uitwao rounders, ambao yeye mwenyewe aliucheza alipokuwa mdogo. Spalding, rafiki yake na mwajiri wake, hakupendezwa. Yeye alitaka mchezo wa Marekani uwe umezaliwa Marekani. Mwaka 1905 akahimiza kuundwa kwa tume ya kuchunguza asili ya mchezo, ikaongozwa na Abraham Mills, aliyepata kuwa rais wa Ligi ya Taifa.

Tume ilipokea barua kutoka kwa mzee mmoja wa Denver aitwaye Abner Graves. Mzee huyo alidai kwamba aliona kwa macho yake, katika kijiji cha Cooperstown jimboni New York, Abner Doubleday akiubuni mchezo. Jina hilo lilikuwa zito. Doubleday alikuwa jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1861 ndiye aliyefyatua mzinga wa kwanza wa kujibu mashambulizi ndani ya ngome ya Sumter, na mwaka 1863 alipigana Gettysburg. Mills alikuwa amemfahamu, na Jenerali alipofariki mwaka 1893 Mills alikuwamo miongoni mwa walinzi wa heshima wa mwili wake. Taarifa ya tume, ya tarehe 30 Desemba 1907, ikatamka kwamba besiboli ilibuniwa na Doubleday huko Cooperstown mwaka 1839.

Ndugu msomaji, tuipime hadithi hiyo kama vile mpelelezi apimavyo ushahidi. Mwaka 1839 shahidi mwenyewe, Graves, alikuwa mtoto wa miaka mitano, naye alitoa habari hiyo miaka zaidi ya 60 baadaye. Doubleday aliingia chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1838 na kuhitimu mwaka 1842. Sisi tuliopitia chuo cha makadeti twajua kwamba kuruta wa mwaka wa kwanza hana nafasi ya kuzurura vijijini akibuni michezo; akipata nafasi ya kulala, amshukuru Mungu. Tena Jenerali yule alikuwa mwandishi. Aliacha vitabu na maandishi mengi juu ya vita, na katika hayo yote hakuna mahali alipodai kwamba yeye ndiye aliyebuni besiboli. Sifa hiyo alivishwa akiwa kaburini, asiweze kuikataa.

Chadwick hakukubali, lakini hakugombana. Alikuwa na umri wa miaka 83. Katikati ya Aprili 1908 alikwenda uwanjani New York kutazama ufunguzi wa msimu ingawa alikuwa mgonjwa, na tarehe 20 ya mwezi huo akafariki. Bendera katika viwanja zikapepea nusu mlingoti. Alizikwa Brooklyn, katika makaburi ya Green-Wood. Maktaba yake ya besiboli alimwachia Spalding, yule yule aliyempinga, na baada ya Spalding kufa, mjane wake aliikabidhi mwaka 1921 kwa maktaba ya umma ya New York. Huo ni ungwana wa kuigwa: watu wawili walishindana kwa hoja, lakini daftari halikuchomwa.

UKWELI ULIKUWA DAFTARINI

Hadithi ya Jenerali ilitawala kwa miaka mingi. Jumba la Mashujaa wa Besiboli lilijengwa Cooperstown, likafunguliwa tarehe 12 Juni 1939 kuadhimisha miaka 100 ya tukio ambalo halikutokea. Hata hivyo, haki ilianza kurudi taratibu. Chadwick aliingizwa katika orodha ya mashujaa mwaka 1938. Doubleday hajaingizwa mpaka leo.

Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba hata Chadwick hakupatia kikamilifu. Ni kweli mchezo ulitoka Uingereza, lakini jina la besiboli lilikuwa limekwisha kuchapwa huko katika kitabu cha watoto cha mwaka 1744. Na ushahidi mtamu kuliko wote haukutoka kwa tume wala kwa jenerali. Ulitoka katika shajara ya kijana mmoja wa Surrey, William Bray, ambaye Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1755 aliandika kwamba siku ile alicheza besiboli pamoja na wenzake, wake kwa waume. Hakujua kwamba anaandika historia. Aliandika tu alichofanya siku hiyo, na karne mbili na nusu baadaye neno lake moja likawashinda wazee wa tume.

Tusimfanye Chadwick malaika. Hesabu zake zilikuwa na upungufu. Mpigaji aliyevumilia, akaiacha mipira mibaya ipite mpaka akapewa kituo cha kwanza bure, Chadwick hakumhesabia sifa. Aliliona kuwa kosa la mrushaji tu. Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba uvumilivu huo hushinda michezo. Lakini waliwezaje kumsahihisha? Kwa kuyasoma majedwali yaliyohifadhiwa. Mwenye kuandika hukosea, na maandishi yake ndiyo humsahihisha. Asiyeandika hukosea pia, na kosa lake hudumu.

TURUDI UGANDA

Kuna atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Tunamjibu kwa mwaka 2011. Mwezi Julai mwaka huo, timu ya watoto wa Kampala ilikwenda mji wa Kutno, Poland, ikaishinda timu ya Saudi Arabia na kutwaa ubingwa wa kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Watoto hao walikuwa waende Williamsport, Marekani, kuwa timu ya kwanza ya Afrika katika mashindano ya dunia ya Little League. Hawakwenda. Marekani iliwanyima viza kwa sababu ya kasoro katika hati za umri na kuzaliwa kwa baadhi yao. Waliowashinda uwanjani ndio waliosafiri badala yao.

Hapakuwa na mrushaji aliyewashinda. Walishindwa na karatasi. Mtoto huzaliwa kijijini, hakuna anayeandika. Anaanza shule, mwaka unakisiwa. Anahitaji hati, inatengenezwa kwa haraka, na tarehe hazilingani. Siku mtoto huyo anapopata kipaji cha kuvuka bahari, ile tarehe isiyoandikwa miaka 12 iliyopita inasimama mlangoni kama mlinzi na kumrudisha. Watoto wa Langley, Canada, ambao wangekutana nao huko Williamsport, walisafiri wenyewe mpaka Uganda mwezi Januari 2012 ili mchezo ule uchezwe. Ulikuwa utu mwema, lakini haukuirudisha nafasi iliyopotea.

Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilifuzu, hati zikakamilika, na Uganda ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport. Katika mchezo wa kirafiki huko iliifunga timu ya Gresham, Oregon, kwa 3 kwa 2. Mwaka 2015 timu nyingine ya Uganda iliishinda Jamhuri ya Dominika kwa 4 kwa 1. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Twayajua haya leo kwa sababu kuna aliyekaa kando ya uwanja akayaandika.

SAJINI NA MCHWA

Tuseme na letu pia. Miaka kadhaa iliyopita alitujia sajini mstaafu, mzee mwenye pua iliyovunjika na adabu nyingi. Alisema kwamba katika ujana wake alikuwa bondia wa kikosi chake na alishinda medali katika mashindano ya majeshi. Medali ilipotea wakati wa vita. Sasa kikosi kilikuwa kinaandaa siku ya kuwakumbuka wanamichezo wake, naye aliomba barua moja tu ya kuthibitisha kwamba hakuwa mwongo mbele ya wajukuu wake.

Tulikwenda ghalani kutafuta kitabu cha michezo. Tulikikuta kimeliwa na mchwa. Jalada lilibaki, lakini kurasa zilikuwa vumbi. Wenzake waliomkumbuka walitofautiana juu ya mwaka, mahali na hata uzito wake. Barua hatukuweza kuiandika, kwa maana afisa haweki sahihi juu ya jambo asilolijua. Mzee alipiga saluti akaondoka. Tulibaki tumeshika jalada lile tupu, na hatujaisahau saluti ile.

Mlinganishe na John Akii-Bua, askari wa polisi wa Uganda. Tarehe 2 Septemba 1972, huko Munich, alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kuteremka chini ya sekunde 48. Alifariki mwaka 1997, lakini hakuna awezaye kumnyang'anya tarakimu zile, kwa sababu ziliandikwa papo hapo, mbele ya mashahidi, kwa saa iliyopimwa. Huenda sajini wetu naye alikuwa na siku yake kubwa. Tofauti ni kwamba siku yake haikupata karani.

KALAMU KATIKA ZAMU

Askari anajua thamani ya maandishi kuliko mtu mwingine yeyote. Polisi akipokea zamu husoma kitabu cha matukio kabla ya kusema neno. Mlinzi wa ghala la silaha huandika saa, jina na namba ya bunduki, usiku na mchana, hata mvua ikinyesha. Nidhamu hiyo tunayo tayari. Tunaomba ivuke mpaka uwanjani. Kila kikosi na kila kituo chenye timu kichague mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, aandike tarehe, mahali, majina kamili, matokeo na mwamuzi. Aandike siku ile ile, asingoje kuhadithiwa. Aandike kushindwa kama anavyoandika ushindi. Nakala moja ikae kikosini na nyingine mahali ambapo mchwa hawafiki.

Huko huko Luzira, karibu na Port Bell, mwaka 1929 kilifukuliwa katika ardhi ya gereza kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, kazi ya mikono stadi ya zamani sana. Kipo London, katika jumba la British Museum. Wataalamu wamekipima na kukiandikia, lakini jina la yule aliyekifinyanga halikuachwa popote. Amebaki uso tu.

Tulirudi Port Bell kulipa deni letu. Kijana wa daftari alikuwa amepona mguu, naye alikuwa kituo cha pili akisubiri kukimbia. Tulipomweleza habari za mzee wa Brooklyn na herufi yake, alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Na yeye, Afande, alikuwa akicheza?"

Tukamwambia kwamba alijaribu kidogo ujanani, lakini sifa yake yote aliipata kwa penseli.

Alitikisa kichwa, akageuka kumtazama mdogo wake aliyekaa juu ya lile jiwe, akampigia kelele, "Andika vizuri! Hiyo ilikuwa alama yangu!"